Ufa wa Ukingoni

Sauti ya mwanangu Adila ilibaki mahali pamoja tu, nayo ni kwenye CD ya video ya siku ya singo yake, alasiri ile wanawake tulipomsugua kwa liwa, ule unga wa msandali, kabla ya kuolewa. Picha zake ninazo chache, ya shule na ya kitambulisho. Nguo zake nilizitoa sadaka. Lakini sauti ni hiyo CD peke yake, na nilikuwa nimeifunga ndani ya kanga yake, chini kabisa ya sanduku.

Lulu, binti yake, hakuwahi kuisikia. Mama yake alifariki yeye hajaota hata jino. Nikamlea mimi hapa Dunda, mpaka baba yake, Mundhir, alipohamia Maskati kwa ndugu zake na kuja kumchukua. Mundhir alimchukua kwa adabu. Aliomba, akangoja, akaja tena, mpaka mimi mwenyewe nikasema haya. Tangu siku hiyo nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Nafagia vyote vitatu.

Mwezi wa Shaabani Lulu akanipigia simu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeamka salama?"

"Salama. Bibi, tarehe ya harusi imewekwa. Natolewa Ijumaa ijayo, kabla ya Ramadhani kuingia."

Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni, mwiko mkononi. Hakuniuliza kama nitakwenda. Alijua magoti yangu yalivyo, na alijua sijawahi kuwa na pasi ya kusafiria. Akaniepusha na kusema siwezi. Niliuona huo wema, nikaupokea kimya.

"Bibi, ile CD ya mama bado unayo?"

"Ninayo."

"Anasema humo?"

"Anasema. Mwishoni."

Mwari hasemi siku ya singo. Anafunikwa kanga, anakaa kimya, wengine ndio wanaoimba na kucheka na kumtania. Adila alikaa hivyo alasiri nzima. Mwishoni tu somo yake, yule mama aliyemfunda, ndipo alipomwambia ajifunue aagane na mama yake.

Nikamsikia Lulu akifunga mlango. "Nataka niisikie kabla sijatoka. Hapa kila bibi arusi anakuja na mama yake. Mimi nina mama wa kambo na ananipenda, simsemi kwa ubaya. Lakini sijui mama yangu alikuwa akisemaje, Bibi. Hata alivyokuwa akisema 'njoo' sijui."

"Utaisikia," nikamwambia.

Nikaenda moja kwa moja sandukuni. Kanga ilikuwa inanukia udi, nikashangaa, maana hiyo kanga mimi huwa siigusi. Nikaifungua. Bahasha ya karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai upande mmoja. Ndani yake CD ilikuwa imenyanyuka ukingoni, kama chapati inapoanza kufura, na pale iliponyanyuka pana ufa. Ufa mwembamba, urefu wa kucha ya kidole gumba. Ukiigeuza juani unang'aa kama unywele.

Nikaelewa. Wiki iliyopita jirani yangu Zuwena alikuja kunisaidia kufukiza nguo, kama tufanyavyo kila mwaka kabla ya mfungo. Mgongo wangu ulikuwa umenishika, nimelala. Yeye akawasha makaa, akatia udi kwenye chetezo, akaweka juu tenga la kufukizia, akatandaza nguo zangu zote, moja baada ya nyingine, asubuhi nzima kwenye moshi. Alifukiza mpaka mapazia. Kanga ya Adila aliiona imekunjwa vizuri, akaona si vyema kuikunjua, akaiweka juu ya tenga ilivyo. Nani angejua ndani mna kitu?

Sikutaka kumwambia. Lakini aliingia mwenyewe na bakuli la uji, akanikuta nimekaa kitandani, CD mapajani.

"Da Miza, hiyo nini?" Akaitazama, akaitazama kanga. Akaweka bakuli chini. "Yallah. Mimi ndiye niliyeikaanga!"

"Hukujua."

"Nilikuwa naifukiza mimi, na huku naimba! Naimba, Da Miza!" Akakaa chini sakafuni akalia, na mimi ndiye niliyembembeleza. Alipomaliza akafuta uso kwa upindo wa kanga, akasimama. "Ngoja. Nina gundi nyumbani. Ile ya viatu. Nikiipaka hapo kwenye ufa hutajua kama kulikuwa na kitu."

"Zuwena, keti."

"Inashika mpaka ndoo ya plastiki ile."

"Keti unywe uji wako. Usiiguse kwanza, mpaka nimwone fundi."

Fundi ni Bwanausi, mwenye kibanda cha redio na simu karibu na soko. Nje pana benchi, na kwenye benchi hakukosekani wazee wawili watatu wanaokunywa kahawa na kuchunguza mambo ya watu. Bwanausi alinyanyuka akanipa kiti chake yeye, akakaa juu ya kreti ya soda.

"Shikamoo, Bi Miza."

"Marahaba, mwanangu."

Akaishika CD kwa ncha za vidole, kidole kimoja tunduni, akaielekeza kwenye mwanga. "Hii nani kaikaanga?"

"Udi."

Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. Akaigeuza tena, taratibu.

"Nikwambie, Bi Miza. Ingekuwa imepasuka katikati, hapa kwenye tundu, ningekurudishia uende nayo nyumbani ukaitunze hivyo hivyo. Katikati ndipo deki inapoibana. Ikiibana tu, ufa unakimbia. Hii imepasuka ukingoni, ina nafuu. Lakini nafuu yenyewe nusu. Hizi hazisomwi kama santuri za zamani zilizoanzia nje. Zinaanzia huku katikati, zinakwenda nje. Kwa hiyo mwanzo wake utacheza vizuri, mpaka ukifika kwenye huu ufa. Mwanzo yumo nani?"

"Wanawake wanaimba."

"Na mwisho?"

"Mwanangu."

Akaiweka CD mezani juu ya kitambaa.

"Huwezi kuitia kwenye kompyuta ukaitoa?" nikauliza. Nilikuwa nimesikia watu wakisema hivyo.

"Kwenye kompyuta siitii hata kwa fimbo. Inaizungusha kama feni iliyopagawa. Ngoja nikuonyeshe." Akavuta sanduku chini ya meza, akatoa chombo cha kusomea CD cha kompyuta, kimevunjika mdomo, akakitikisa. Vipande vikalia ndani kama mbegu za ufuta kwenye kibuyu, vingine virefu vyenye ncha. "Hii ilikuwa CD ya kaswida, nililetewa kutoka Miono. Ufa kama huu wako. Nikajiona fundi. Ililia kama bunduki, kipande kikatokea hapa mbele kikanipita sikioni."

"Na tangu hapo hamsikii mkewe akimwita," mzee mmoja akasema kutoka benchi.

"Mke wangu anaitwa Ashura, na sauti yake wewe mwenyewe unaisikia mpaka kwako," Bwanausi akamjibu bila kugeuka. Kisha akaniinamia. "Ninayo deki ya zamani nyumbani. Inazungusha pole pole. Nikiiunga na chombo cha kurekodia, kila kinachosikika kinaingia kwenye flashi. Lakini ni mara moja, Bi Miza. Ikipita pale kwenye ufa, siahidi kama itapita tena. Na gundi usiipake. Gundi ni uzito wa upande mmoja, ikizunguka itayumba, itapasuka mapema zaidi."

Nikafikiri Zuwena asisikie hilo.

"Tufanye leo hii," akasema. "Niwashe televisheni nione inavyokwenda."

Nikaweka kiganja changu juu ya CD. Nilikuwa nikiogopa hapo tangu nilipotoka nyumbani.

"Mwanangu Bwanausi, hiyo ni singo. Wanawake wamekaa vichwa wazi, na kanga moja moja. Aliyepiga picha alikuwa mwanamke mwenzetu, Mina, na alitoa CD moja tu. Kamera akaifuta mbele yetu. Tulipeana ahadi hakuna mwanamume atakayeiona."

Akainamisha macho papo hapo, kama vile ameshawaona. "Basi mimi sitaingia ndani," akasema. "Nitakuja kwako, nitaziunga nyaya, kisha nitakaa barazani nimeupa mlango mgongo. Mlio wa deki naujua. Itakapochoka nitasikia."

"Na picha? Zinaweza kuingia kwenye hiyo flashi na zenyewe?"

"Zinaweza. Ila hapo nenda kawaulize wenyewe."

Sikuondoka mara moja. Nilikaa pale kwenye kiti chake nikitazama watu wanapita sokoni. Nilikuwa nikimtaka Lulu amwone mama yake akitembea, akigeuza shingo. Picha ya kitambulisho haigeuzi shingo.

Zuwena nilimuuliza wa kwanza, maana na yeye yumo.

"Nywele zangu?" akasema. Akavua ushungi, akainamisha kichwa anionyeshe utosi. "Hizi zilizobaki nani atazitazama? Wape, Da Miza. Waambie na wao nilikuwa mzuri."

Kisha nikapanda bodaboda kwenda Mji Mkongwe wa hapa kwetu, kwa Bi Kholood, shangazi yake Mundhir. Siku ya singo ndiye aliyeimba kuliko wote. Dereva alikuwa kijana mwenye haraka, lakini aliponiona nashikilia magoti akaendesha kama amebeba mayai, na kwenye kila tuta akasema pole bibi.

Bi Kholood alinikaribisha chumba cha ndani, akaniletea kahawa na halua, akaniuliza habari za mgongo kabla sijamwambia mgongo unauma. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, anazungusha kikombe.

"Lulu ni damu yangu," akasema. "Nikipewa roho yangu niigawe, kipande chake kipo. Lakini picha hapana, Miza."

"Zitakuwa za Lulu peke yake."

"Kwenye simu hakuna cha peke yake. Atamwonyesha mwenzake mmoja, kwa mapenzi tu. Mwenzake atamwonyesha mwingine. Mimi sijawahi kutoka mlango ule bila buibui tangu nivunje ungo, leo nikacheze mitaa ya Maskati na kanga kifuani?"

Nikacheka, na yeye akacheka. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mimi nipo, umekuja kuniuliza. Na Bi Adila mkubwa, ambaye mwanao alipewa jina lake? Na somo yake? Na Mina mwenyewe? Wengi wa wale wako makaburini. Wao utawauliza vipi?"

Nilikuwa nimelijua swali hilo tangu njiani, ila nilitaka mtu mwingine aliseme.

"Sauti chukua," akasema. "Mimi nilikuwa naimba kama mbuzi, lakini chukua. Na wewe itazame, macho yako ni ya mwanamke. Itazame vizuri kwa niaba yake, umsimulie."

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Kizingiti cha nyumba ile ni kirefu. Akanishika kiwiko, akangoja nivushe mguu wa kwanza, akangoja nivushe na wa pili.

Jumatano, baada ya adhuhuri, Bwanausi akaja. Deki na televisheni ndogo alizipakata kwenye bodaboda, zimefungwa shuka kama mtoto. Akaunga nyaya: wa njano ndio wa picha, akaupeleka kwenye televisheni, mwekundu na mweupe za sauti, akazipeleka kwenye chombo chake cha kurekodia, chenye spika ya kusikilizia. Akaijaribu kwa CD nyingine ya mawaidha, akatoka nje, akasikiliza, akarudi. Akaomba gunia. Akalikunja mara nyingi, akaifunika deki juu na mbele, akaacha nyuma tu ipumue.

"Mkae ubavuni," akatwambia mimi na Zuwena. "Msikae mbele yake. Ikipasuka msiifungue, ngojeni mpaka isimame kabisa. Kidude hiki cha mkononi ndicho cha kuwashia na kuzimia. Anayekishika ni nani?"

"Mimi," Zuwena akasema haraka.

"Nikisema zima, unazima. Ukianza kusikia ta-ta-ta, ndipo imefika kwenye ufa. Ukizima hapo, CD inabaki. Labda siku moja mtapata mtu mwenye mashine nzuri zaidi, Dar es Salaam huko, mwanamke kama yupo. Ukiiacha, sijui." Akanitazama. "Uamuzi wako, Bi Miza."

Akatoka. Tukamsikia akivuta mkeka barazani. Zuwena akasema bismillahi, akabonyeza.

Nyumba yangu ikajaa watu.

Nilikuwa nimesahau kelele. Vigelegele, vyungu, mtoto analia, mtu anaita, "Leteni liwa, liwa iko wapi!" Bi Kholood kichwa wazi, nywele mpaka kiunoni, anaimba na kuzungusha mkono. Kweli alikuwa anaimba kama mbuzi. Zuwena akamwona Zuwena mwingine, mwembamba, anapita na sinia, akanishika paja. "Mimi huyo! Da Miza, mimi huyo!" Nikamwona somo, na marehemu dada yangu, na mimi mwenyewe, nywele nyeusi, nampepea mwari kwa kipepeo cha ukili kana kwamba nyumba inaungua.

Na mwari katikati, amefunikwa. Miguu tu ndiyo ilionekana, imesuguliwa inang'aa, na vidole vyake vikicheza cheza kwa kuchoka kukaa. Vile vidole. Nilivitazama muda wote. Watu wengine waliimba, walianguka kwa kucheka, mmoja akamtania kwamba bwana harusi anakoroma mpaka meli zinadhani ni honi. Ile kanga ikatikisika. Alikuwa anacheka ndani, Adila, anacheka bila sauti kwa sababu mwari hasemi.

Nikajisemea, akina mama, mngemwacha acheke. Mngemwacha aseme kidogo tu, mwanzoni.

Nje Bwanausi alikohoa mara moja, akatulia. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama dirisha, na katika televisheni wanawake wakaanza kupunguza ngoma, wakakusanyika, na somo akasogea karibu na mwari.

Ta.

Picha ikasimama, ikaendelea.

Ta-ta.

"Bi Miza!" Bwanausi akaita kutoka nje. "Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Ndio ufa huo. Uko mwanzoni mwake. Tuzime?"

Zuwena ananitazama, kidole juu ya kidude. Kwenye televisheni mkono wa somo ulikuwa umeshika upindo wa kanga, umeganda hapo. Nyuma yake kulikuwa kumejaa vimraba vya rangi, kama vigae vilivyomwagika.

Nikafikiri kuhusu mashine ya Dar es Salaam na huyo mwanamke ambaye huenda yupo. Nikafikiri kuhusu Ijumaa. CD nzima ningeweza kuirudisha ndani ya kanga, ikae sandukuni na ufa wake, na mimi nikajua ipo. Nimekaa nayo hivyo miaka mingi, najua ipo. Na Lulu angekwenda kwa mumewe hajui mama yake alivyosema njoo.

"Iache," nikasema.

"Unasemaje?"

"Iache iende, mwanangu!"

"Haya. Sogeeni nyuma. Nyuma zaidi!"

Ta-ta-ta-ta. Deki ikaanza kunguruma chini ya gunia, sauti mpya, nyembamba, inapanda. Mkono wa somo ukaruka, kanga ikawa imeshainuliwa, na uso wa Adila ukatokea. Jicho moja lilikuwa zima. Jingine liligawanyika vimraba, likarudi, likagawanyika. Alikuwa ana jasho. Alikuwa na liwa kwenye nyusi. Akageuza shingo, akinitafuta kwenye watu.

"Mama," akasema.

Zuwena akaziba mdomo.

"Mama, mama, ma—" ikakwama, ikatafuta, ikapata. "Mama, mimi ndiyo nakwenda. Nipe radhi zako."

Kisha ikapasuka. Si kwa sauti ya bunduki, gunia lilikuwa limeizuia. Ilikuwa kama sahani ya udongo inapoanguka chumba cha pili. Gunia likaruka kidogo likatulia. Televisheni ikawa ya bluu, na nyumba ikawa yangu tena.

"Mmeumia?" Bwanausi alikuwa amesimama, lakini bado ameupa mlango mgongo. Niliona kisogo chake kwenye uwazi wa pazia. "Zuwena, mmeumia?"

"Hatujaumia," Zuwena akasema. "Ingia, hakuna kitu tena."

Hakukimbilia deki. Alikimbilia chombo cha kurekodia, akachomoa flashi, akaichomeka kwenye simu yake kwa kijiwaya, akaiweka sikioni ili asikie peke yake. Nikamtazama midomo. Alipofika mahali fulani akafumba macho, akanipa simu.

Ilikuwemo.

Ndipo akafunua gunia. Vipande vilikuwa vimejaa ndani ya deki, na jicho lake la kusomea limeng'oka. Nikaanza kusema pole kwa deki yako. Akasema, "Hii ilikuwa inanitafutia sababu siku nyingi," akaokota vipande kimoja kimoja kwa kitambaa, hata vile vidogo vya sakafuni, akapapasa mpaka chini ya kitanda, kwa sababu mimi hutembea peku ndani.

Zuwena akamtumia Lulu ile sauti kwa simu yake jioni hiyo hiyo. Hakujibu. Alhamisi hakujibu. Nikasema moyoni, labda ilikwama njiani, labda haikumfurahisha, ile ta-ta-ta na kelele za wanawake. Nikafagia vyumba vyote, nikavifagia tena.

Ijumaa asubuhi simu ikalia.

"Bibi."

Hakusema shikamoo, na sikumuuliza. Alikuwa na pua iliyoziba.

"Nimejifungia chooni," akasema. "Huko nje wamejaa. Bibi, ndivyo alivyokuwa akisema hivyo? Kwa haraka haraka?"

"Kwa haraka. Maneno yake yalikuwa yanakanyagana."

"Nilidhani angekuwa na sauti nyembamba."

"Nyembamba ni yangu. Yeye alichukua ya babu yako."

Akacheka kidogo, akavuta pua. "Alikuwa amevaa nini?"

Nikamsimulia. Liwa kwenye nyusi. Jasho. Vidole vya miguu vilivyokuwa vikicheza. Alivyocheka ndani ya kanga bila kutoa sauti. Alivyogeuza shingo kunitafuta. Nilimweleza hilo la shingo mara nyingi, nikitafuta namna nzuri zaidi ya kusema, na yeye akaniacha nirudie.

"Halafu inapasuka," akasema. "Alikuomba radhi, halafu inapasuka. Wewe ulimjibu nini, Bibi?"

"Mimi nililia. Wakanifunika kanga na mimi, tukawa wari wawili."

"Kisha?"

"Kisha nikampa."

"Ulisemaje?"

Nikaona sasa anachotaka. Mlango ulikuwa unagongwa huko kwake, sauti ya mwanamke ikiita jina lake kwa Kiarabu, kwa upole.

"Niombe kwanza," nikamwambia.

Akajisafisha koo. Alipoanza, yale maneno yalitoka yakikanyagana. "Bibi, mimi ndiyo nakwenda. Nipe radhi zako."

"Radhi zangu umezipata, mwanangu," nikasema. "Tangu hujaziomba. Za mama yako umezipata, na zangu umezipata. Nenda, Mungu akutangulie. Ukichoka, sema umechoka. Ukifurahi, cheka kwa sauti."

Nikamsikia akifungua mlango, na vigelegele vikaingia, vingi, vya wanawake nisiowajua. Hakukata simu. Nadhani aliiweka mahali, juu ya kabati au ya sinki, akaisahau, au hakuisahau. Nikasikiliza. Vilikuwa vikienda mbali, chumba kingine, kisha ngazi, kisha kidogo sana. Halafu mtu akaiokota simu, akasema alo, alo. Akakata.

Bwanausi alinitilia ile sauti kwenye redio yangu ndogo, akanionyesha pa kubonyeza, na akabandika kipande cha karatasi nyekundu hapo nisisahau. Alasiri nyingine, baada ya kuswali, ninaiwasha. Nyumba inajaa. Bi Kholood anaimba, mtu anatafuta liwa, na mimi nasubiri.

Nimeshajua mahali pa kuzima. Ni baada ya 'radhi zako', kabla ya ule mlio. Mwanzoni nilikuwa nachelewa. Sasa kidole kimezoea. Nazima, panakuwa kimya, na namjibu.